Shamba isiyo na karatasi ndiyo inakata pori

Kila mwaka, nyuma ya mavuno ya maharagi, kuko familia kule milimani Lubero zenye zinakaa chini usiku na kuzungumuza neno moja tu: tubaki ao tuhame? Mazungumuzo hayo haipite kwa radio. Hakuna depite mwenye anayaandika. Lakini ni mule, kati ya baba, mama na kijana mukubwa wa nyumba, ndimo pori ya Ituri inaanza kukatwa, mbele hata upanga uguse muti wa kwanza.

Sisi wa mijini tunapenda kuongea juu ya pori sawa vile inaharibiwa na mutu mwenye tamaa. Tunamuona na upanga mukononi, tunamupa jina, wengine wanamupa hata kabila. Ni rahisi. Lakini pori haikatwe na tamaa peke yake. Inakatwa na hesabu, na ile hesabu mutu yeyote mwenye watoto saba na nusu hekta angeifanya vilevile.

Wazo langu, ndugu musomaji, ni hili: hatutazuia familia kuhama, na hatupashwe kuzuia kwa nguvu. Kile tunaweza kubadilisha ni kile chenye kinawangoja kule wanafika. Leo, chenye kinawangoja ni shamba isiyo na karatasi. Na shamba ya namna hiyo inamusukuma mukulima akate mbio, akate mingi kuliko anaweza kulima, kisha atume watoto wake wakate mbele zaidi. Tukitaka pori ipone, tuanze na ile karatasi.

Hesabu ya nyumbani

Tuanze kule watu wanatoka. Teritware ya Lubero iko na kilometre za mraba karibu 18,000, na mutu mwenye anaiangalia kwa karta tu anaweza kusema: nafasi iko mingi. Aende aone. Upande wa mashariki kuko Parke ya Virunga, yenye Wabeleji walianzisha tangu mwaka wa 1925. Upande wa magharibi kuko pori ya sekta ya Bapere. Katikati ni milima, na ni juu ya milima ile watu wamejazana. Na hata pale juu, udongo si yote ya wakulima. Kuko makonsesio makubwa ya ngombe, yenye karatasi zake zilitengenezwa vizuri tangu zamani. Pembeni ya uzio ya konsesio unakuta mama analima kwenye mutelemuko, mahali hata mbuzi inateleza.

Muzee alipewa na baba yake kilima. Akagawia watoto wake wanaume wane. Kila mumoja wa wale wane akazaa, naye akagawa. Leo mujukuu anapata mistari kumi ya viazi, na udongo wenyewe umechoka juu haulale hata msimu moja. Kwa Wayira, wenye wengine wanaita Wanande, kijana anapashwa kutoa mbuzi za mahari na kuwa na mahali pa kujenga. Kijana mwenye hana shamba hana mahali pa kuingiza bibi. Kwa hiyo baba akiangalia watoto wake wanaume, haone watoto tu: anaona deni.

Ongeza minerval ya masomo. Ongeza hospitali. Ongeza vita. Tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji haikukoma Beni. Mwezi wa sita 2024 Kanyabayonga ikaanguka mikononi mwa M23, na watu wa kusini ya Lubero wakapanda kaskazini na magodoro juu ya kichwa. Wengi walikuwa wamekwisha kukimbia mara mbili ao tatu. Mutu wa namna hiyo, ukimuuliza kwa nini haendi tena nyumbani, atakuuliza na yeye: nyumbani wapi?

Sasa, upande ingine wa hesabu kuko kakao. Miaka ya 1990 ugonjwa wa kukausha mikahawa uliua robusta katika mabonde ya Beni. Miti yenye ilisomesha watu wengi ikageuka kuni. Kakao ndiyo ilichukua nafasi yake. Inapenda joto, mvua na kivuli, na udongo wa pori mupya inaupenda kuliko yote. Mwezi wa kumi na mbili 2024 bei yake katika soko ya New York ilipita dola 12,000 kwa tani moja. Mwaka moja nyuma yake ilikuwa imeanguka karibu nusu. Lakini habari ya bei ya kupanda inatembea mbio kuliko habari ya bei ya kushuka. Kule milimani watu wanasikia tu kwamba fulani alitoka Biakato na pikipiki mupya.

Kwa hiyo familia inapima: hapa, njaa ni hakika. Kule porini, kifo ni pengine. Mutu anachagua pengine. Mwenye anaona uchaguzi huo ni wazimu, alale kwanza njaa na watoto saba.

Kuhama si siku moja

Tunakosa kuelewa jambo ingine. Tunasema "walihama" sawa vile familia ilifunga mizigo asubuhi na kufika mangaribi. Haiko vile. Familia inahama kwa vipande, na kila kipande ni uamuzi.

Mwaka wa kwanza anaenda baba na kijana mukubwa. Wanakata, wanachoma, wanapanda mupunga na ndizi. Mupunga ni ya kula na kuuza mbio, ndizi ni ya kivuli. Chini ya ile ndizi wanaweka miche ya kakao. Mama anabaki milimani na watoto wa masomo, analinda shamba ya zamani isichukuliwe na mashemeji. Kakao inachukua miaka mitatu ao mine mbele ya kuzaa. Katika miaka hiyo yote familia iko na miguu miwili: moja juu ya mulima, moja ndani ya pori. Watu wanaita hiyo kutangatanga. Mimi naiita asirasi ya maskini: vita ikipiga huku, kule kunabaki. Ugonjwa ukimaliza ndizi ya kule, huku kuko maharagi.

Kisha kunakuja uamuzi wa pili: mama ashuke ao abaki? Akishuka, familia imehama kweli. Na kunakuja uamuzi wa tatu, wenye hatuuongelee hata kidogo: watoto wenye walizaliwa kule porini, wakikomaa, watabaki juu ya shamba ya baba ao wataenda mbele?

Mambo yote iko hapo. Angalia barabara. Watu walianza Mangina na mapori ya karibu. Kisha Biakato, Mambasa, Komanda. Leo wanapita Nia-Nia na kuingia Bafwasende, katika Tshopo. Wengine walipita ndani ya Bapere, Manguredjipa na Njiapanda, na sasa wauaji wa ADF wamewafuata hata kule. Upande wa Irumu, familia za Wanyabwisha zenye zilitoka Masisi na Rutshuru ziliingia Boga na Tchabi. Majina ni tofauti, lugha ni tofauti, lakini hesabu ni ile ile. Mutoto wa mwenye alihama mwaka wa 1990 ndiye anahama leo, juu hekta tano za baba yake, wakigawa watoto watano, zinakuwa tena mistari sawa kule Lubero.

Kwa hiyo swali haiko tu "nani anatoka Lubero?" Swali ni: kwa nini mwenye amekwisha kufika Mambasa hatulii Mambasa?

Chenye kinawangoja kule

Hatulii juu shamba yake haina musingi.

Hivi ndivyo inapita mara mingi. Mugeni anafika kwa kapita ao kwa mwenye udongo. Analeta mbuzi, anatoa pombe, anatoa feza. Wanatembea porini, wanamuonyesha: toka ule muti mupaka ule mutoni, na nyuma yake mupaka nguvu yako itaisha. Hakuna kupima. Kama kuko karatasi, ni kipande ya kayé yenye sahihi moja. Nyuma ya miaka mitatu, kapita anakufa ao anabadilishwa. Mutoto wa ndugu yake anafika na kusema: baba mudogo hakukuwa na haki ya kuuza, lipa tena. Ao mugeni mupya anafika na karatasi ingine ya pori ile ile.

Na sheria inasema nini? Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Udongo wenye jamii za vijiji zinatumia, sheria iliuweka pia mikononi mwa Serikali, na kifungu cha 389 kikaahidi kwamba ordonansi ya Prezida itasema haki za wale watu ni gani. Tangu siku ile miaka zaidi ya 50 ilipita bila ordonansi hiyo kutoka. Kwa hiyo, mbele ya sheria, kapita hawezi kuuza, na mugeni hawezi kununua. Lakini kila siku mumoja anauza na mwingine ananunua. Wote wawili wanajua kwamba wanasimama juu ya maji.

Mutu mwenye anasimama juu ya maji anafanya nini? Anakata. Kule, pori yenye haijakatwa inaonekana sawa haina mwenyewe. Mwenye amekata ndiye ameonyesha kwamba pale ni pake. Kama uko na nguvu ya kulima hekta mbili, unakata tano, ili jirani asivuke. Unapanda kakao mbio, juu kakao ni muti, na muti ni shahidi kuliko muhogo. Na kama hujui kama mutoto wako ataachiwa shamba hiyo siku utakufa, unamutuma leo akajitafutie yake, kilometre makumi mbele. Hiyo ndiyo injini ya kukata pori. Haiko katika roho ya mukulima. Iko katika namna tulimupokea.

Kuko na mwingine mwenye anapoteza zaidi ya wote, na hata hatumuite kwenye mazungumuzo. Ni Mumbuti. Kapita anauza, mugeni ananunua, na pori yenye wanauziana ni ile Bambuti wanawindamo, wanatoamo asali, wanazikamo watu wao. Wanajua pori imeuzwa siku wanasikia shoka. Kisha wanapewa kazi ya kibarua katika kakao yenye imepandwa juu ya njia yao ya kuwinda, na malipo ni ndizi na pombe. Tangu tarehe 15 Julai 2022 inchi yetu iko na sheria ya kulinda na kuendeleza wenyeji Pigme. Mutu atuonyeshe kijiji ya Mambasa mahali sheria ile ilizuia hekta moja kuuzwa bila wao.

Wengine walitutangulia

Kama mutu anafikiri ninatisha watu bure, aangalie Côte d'Ivoire, inchi yenye kakao yake inajulikana dunia muzima. Tangu miaka ya 1960, Wabaoulé wa katikati ya inchi na watu wa Burkina Faso waliingia katika mapori ya kusini-magharibi. Wenye udongo waliwapokea kwa desturi: mugeni analeta kinywaji, anasaidia kwenye matanga na karamu, anamuheshimu mwenye alimupokea sawa baba. Hakukuwa na karatasi. Prezida Houphouët-Boigny mwenyewe alisema udongo ni wa mwenye anautumikisha. Kwa miaka mingi ilikuwa sawa muujiza.

Kisha mambo matatu ikafika pamoja. Bei ya kakao ikaanguka mwisho wa miaka ya 1980. Pori ya kukata ikaanza kuisha. Na vijana wa wenye udongo, kisha kukosa kazi Abidjan, wakarudi kijijini na kuuliza: shamba yangu iko wapi? Baba zao walikuwa wamekwisha kuigawa. Mapatano yenye ilikuwa ndani ya kichwa cha wazee wawili ikakufa pamoja na wazee wawili. Mwaka wa 1998 ikatoka sheria yenye kusema mugeni wa inchi ingine hawezi kuwa mwenye udongo wa vijiji. Mwaka wa 1999, upande wa Tabou, maelfu ya Waburkinabè wakafukuzwa. Mwaka wa 2002 vita ikaanza, na matata ya udongo ilikuwa kuni moja kubwa katika moto ule. Pori nayo, sehemu kubwa ilikuwa imekwisha.

Sisi Ituri tunajua vita ya udongo ni nini. Hatuhitaji mwalimu. Lakini tunapashwa kuona kwamba njia yenye tunatembea leo Mambasa, watu wengine waliitembea mupaka mwisho, na mwisho yake inajulikana.

Tarehe moja yenye haijulikani vijijini

Kuko habari ingine yenye ingepashwa kutangazwa kila soko, kutoka Kirumba mupaka Nia-Nia. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka wa 2023 yenye kusema hivi: kakao, kahawa, mafuta ya ngazi, mbao na vitu vingine haitaingia kwao kama vilitoka mahali pori ilikatwa nyuma ya tarehe 31 Desemba 2020. Munuzi atapashwa kuonyesha kwa GPS shamba yenye kakao ilitokamo. Sheria hiyo imesogezwa mara mbili. Kwa sasa makampuni makubwa yameambiwa ianze tarehe 30 Desemba 2026. Lakini ile tarehe ya 2020 haikusogezwa.

Musomaji apime hiyo. Kijana mwenye anashuka leo kutoka Lubero, anakata pori mupya, anapanda kakao. Itazaa nyuma ya miaka mitatu ao mine. Siku ataleta mufuko wake wa kwanza, soko kubwa ya Ulaya inaweza kuwa imefungwa kwake. Munuzi hatamuambia hapana. Atamuambia: nitachukua, lakini kwa bei ya chini. Kisha atavukisha ile kakao mupaka na kuichanganya na ingine. Mwenye kulipa bei ya pori yenye ilikatwa atakuwa yule kijana, na hakuna mutu mwenye alimuambia mbele aondoke.

Na upande ingine, mwenye shamba ya kakao ya mbele ya 2020, mwenye angeweza kuuza vizuri, atakosa vilevile kama shamba yake haina mipaka, haina jina, haina karatasi. Kwa hiyo karatasi si mambo ya wasomi. Inageuka kuwa bei ya kilo.

Wale wanasema: fungeni barabara

Ninajua yenye wengine watajibu. Wa kwanza watasema: fungeni barabara, wageni warudi kwao. Ninaelewa hasira yao. Mutu wa Babila ao wa Walese mwenye anaona kijiji chake kimekuwa na wageni wengi kuliko wenyeji iko na haki ya kuogopa, na mwenye anamucheka hajawahi kuwa mudogo katika nyumba yake mwenyewe. Lakini kifungu cha 30 cha Katiba kinamupa kila mutu haki ya kutembea na kukaa mahali anataka katika inchi. Na tuseme ukweli: barriere haijazuia mutu. Barriere inamukamua tu. Mwenye amelipa kwenye barriere tano anafika porini na deni, na mwenye deni anakata mingi zaidi ili alipe. Mbaya zaidi, mwenye hawezi kupita barabarani anapita porini, kule wanaua.

Wa pili watasema: hawa wageni ndio wanaleta waasi. Hapana. Orodha ya wenye waliuawa ndani ya mashamba ya kakao ni majina ya wageni na ya wenyeji pamoja. Mwezi wa saba 2025, Komanda, watu waliuawa usiku ndani ya kanisa wakiwa katika maombi. Wauaji hawakuulizia kwanza nani ni mugeni. Lakini hapa pia karatasi inasaidia: kijiji chenye kinajua nani analima wapi, na kutoka lini, kinamutambua mbio mutu mwenye hajulikane.

Wa tatu ndio wenye ninasikiliza zaidi. Wanasema: ukimupa mukulima karatasi, umebariki kukata pori. Hoja hiyo iko na uzito. Karatasi yenye inasema tu "hii ni yako" inaweza kweli kufungua mulango kwa wote. Ndiyo sababu siongelee karatasi yoyote.

Karatasi ya namna gani?

Ninaongelea karatasi yenye inafanywa mbele ya kukata, si nyuma, na yenye mikono mingi.

Kwanza, isainiwe na ukoo wa mwenye udongo, si na mutu moja. Ndugu zake, na watoto wake wenye wamekomaa, wawe pale. Pili, Bambuti wa pori ile waitwe, waseme njia zao, maji yao na makaburi yao iko wapi, na hizo zisiguswe. Tatu, majirani wa mipaka watembee pamoja na kuona alama. Simu ya kawaida leo inaweza kuandika GPS ya pembe ine za shamba. Ine, bibi ya mugeni aandikwe pamoja na bwana yake. Tunajua yenye inapita bwana akiuawa: ndugu zake wanafika kutoka milimani, kapita anafika, na mama mwenye alipanda nusu ya ile kakao anatoka na sufuria. Tano, nakala moja ibaki kwa sheferi, moja kwa ukoo, moja kwa mugeni. Iandikwe kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha ofisi.

Ndani yake iandikwe hekta ngapi, na neno "mupaka nguvu itaisha" lisiandikwe tena. Iandikwe kitu gani kilitolewa, na kama kuko kitu cha kutoa kila mwaka. Iandikwe kama watoto wataachiwa. Iandikwe sehemu gani ya pori itabaki imesimama. Na iandikwe jambo moja lenye vita yetu inadai: mutu akikimbia kwa sababu ya mauaji, shamba yake haitauzwa kwa mwingine mbele ya miaka fulani kupita, wapatane ngapi. Leo mukulima mwenye anakimbia Biakato anajua kwamba mwingine atavuna, kisha mwingine atauza. Ndiyo sababu wengine wanarudi mbio sana na kuuawa, na wengine hawarudi hata kidogo, wanaenda kukata kwingine.

Je, karatasi hiyo ni titre ya konservatere? Hapana, na tusidanganye watu. Lakini kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali ya mutu moja ao ya jamii yenye ilipatikana kwa sheria ao kwa desturi. Mapatano ya desturi yenye imeandikwa vizuri, yenye mashahidi, ni kitu mbele ya tribinali. Kipande ya kayé si kitu.

Kisha kuko kazi ya wenyeji wenyewe. Dekre ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kuomba pori yake ya desturi mupaka hekta 50,000, bure na kwa milele. Kijiji chenye kimefanya hivyo kinajua pori yake inaanza wapi na inaishia wapi, wapi ni pa kulima na wapi si pa kugusa. Kikipokea mugeni, kinamupokea ndani ya mupango wake. Chenye hakijafanya kinauza hekta kwa hekta, na siku kitaamuka, kitakuwa na makuta ya jana na vibarua vya kesho.

Na milimani je?

Itakuwa dhambi kuomba kila kitu kwa watu wa Mambasa na kunyamaza juu ya Lubero. Sheria ile ile ya 1973 inadai konsesio itumikishwe. Makonsesio yenye ngombe ishirini zinatembea juu ya mamia ya hekta, na wakulima wanapanda vitunguu kwenye mabega ya barabara, inapashwa kuulizwa maswali. Hatuombe kunyanganya. Tunaomba wakubwa wa Butembo, wa Lubero na wa sheferi zake wakae na wenye makonsesio, wapatane juu ya kukodisha kwa miaka mingi, kwa bei yenye mukulima anaweza, na kwa karatasi. Kijana mwenye anapata hekta moja ya kukodi kwa miaka 15 karibu na mama yake hatapanda lori ya Mambasa.

Na familia yenyewe, mbele ya kutuma kijana, ijiulize maswali matatu. Nani atasaini na sisi kule, na ndugu zake wanajua? Pori yenye tutapewa ilikatwa lini, mbele ao nyuma ya 2020? Na kama baba atakufa kule, mama atabaki na nini? Kama swali moja haina jibu, mbuzi isitoke nyumbani.

Kiangazi cha Januari ndicho wakati wa kukata na kuchoma. Mbele yake, sheferi moja ya Mambasa na moja ya Irumu zinaweza kufungua kitabu ya mapatano na kuanza kuandika: kwanza mashamba yenye iko, kisha wenye wanafika. Kitabu, kalamu, simu moja na mashahidi. Hiyo haingoje ordonansi ya Kinshasa, yenye imetuchelewesha tangu 1973. Inangoja tu shefu mwenye anaona kwamba kupokea mugeni bila kuandika ni kuwaachia watoto wa wote wawili ugomvi.